Jinsi ya kulinda pesa ya mavuno na matapeli: Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa

Utapeli una msimu wake kama mahindi. Kuanzia Mei mpunga wa Kyela na Mbarali unakuwa umekatwa, mahindi yanaanikwa, na muda si mrefu kahawa ya Mbozi nayo inaanza kulipwa. Simu ya kitochi ambayo tangu Januari ilikuwa haioni zaidi ya vocha ya mia tano, ghafla ina milioni mbili ndani. Tapeli anaijua kalenda hiyo vizuri kama mkulima. Januari tena, ada zikianza kudaiwa, anawageukia wazazi.

Mbinu zao hubadilika kila mwaka, lakini ukizichambua utakuta zote zinahitaji vitu viwili kutoka kwako: uharakishe, na uwe peke yako. Ukichelewa dakika kumi, au ukimuuliza mtu mmoja unayemwamini, nyingi hufia hapo hapo. Hatua zote zinazofuata zimetungwa ili uzipate dakika hizo.

Meseji ya pesa isiyo na pesa

Tuanze na hii, kwa sababu ndiyo inayoondoka na mzigo mzima. Tuseme ni Isyonje, saa moja jioni, ukungu umeshuka. Fuso imeshapakia magunia 12 ya viazi kwa shilingi 70,000 kila moja. Mnunuzi anabonyeza simu yake, yako inalia, unasoma "Umepokea Tsh 840,000". Dereva ameshawasha gari. Mtu anayepoteza mzigo hapo ni yule aliyesoma meseji bila kusoma salio.

Fanya hivi:

1. Kabla mnunuzi hajatuma chochote, angalia salio lako na ulikumbuke. Tuseme ni 12,400.
2. Meseji ikiingia, iache. Fungua menyu wewe mwenyewe: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas (iliyokuwa Tigo Pesa), *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Nenda kwenye akaunti yangu, kisha salio, weka namba ya siri.
3. Jumlisha. 12,400 na 840,000 ni 852,400. Kama menyu bado inasema 12,400, hujalipwa, hata kama meseji imeandikwa vizuri namna gani.
4. Ndipo uruhusu turubai lifungwe.

Meseji ya kweli huingia kwa jina la huduma yenyewe, kule kule zinakokaa meseji zako zote za miamala ya nyuma. Ya uongo mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida inayoanza na 06 au 07, huku jina la huduma likiwa limeandikwa ndani ya maneno. Nyingine haina salio jipya, au ina salio lisilolingana na hesabu yako, maana tapeli hajui ulikuwa na shilingi ngapi. Usiitegemee alama ya jina peke yake. Hesabu ya salio ndiyo ya kuaminika.

Utaambiwa "mtandao uko chini, itaingia baada ya saa moja". Huenda ni kweli. Basi gari nalo lisubiri hiyo saa moja. Mnunuzi wa kweli ataudhika, lakini atakaa, kwa sababu pesa yake kama imetoka kweli hataki ipotelee hewani. Anayeanza kupiga kelele kwamba unamdhalilisha na mzigo utaoza, huyo shusha magunia yako kwenye gari lake.

Ukilipwa kwa benki, picha ya skrini si malipo, na wala slipu yenye muhuri si malipo. Piga menyu ya benki yako au ingia tawini uone pesa imeingia. Hundi haijawa pesa mpaka benki yako ithibitishe kwamba imelipwa, na hilo linaweza kuchukua siku kadhaa.

Inapowezekana, pakia mchana. Wanunuzi wengine hukawia makusudi hadi jioni, wakijua kwamba mkulima aliyeshinda shambani amechoka, hana chaji kwenye simu, na jirani zake wameshalala.

Ukitoa mali kauli

Parachichi za Rungwe na Njombe, nyanya za Ilula, mbao za Mufindi: mali nyingi huku kwetu inatoka kwa mali kauli, yaani mzigo unaondoka kwa ahadi ya kulipwa baadaye, na hatuwezi kusema iachwe kabisa wakati soko lenyewe linaenda hivyo. Ila kauli iandikwe. Karatasi mbili zinazofanana, moja yako moja yake, ziwe na jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, namba ya kitambulisho hicho, namba ya simu, idadi na uzito wa mzigo, bei, na tarehe ya kulipa. Mtendaji wa kijiji agonge muhuri na mashahidi wawili wasaini. Piga picha namba ya gari mbele na nyuma, leseni ya dereva, na mzigo ukiwa juu ya gari. Halafu ipigie namba aliyokuandikia hapo hapo, usikie simu ikilia mfukoni mwake. Hatua hiyo ya mwisho ni ndogo, lakini namba ya uongo huumbuka papo hapo.

Jihadhari na mnunuzi anayelipa vizuri mara mbili, tena kwa bei ya juu kuliko wenzake, kisha mara ya tatu anataka mzigo wa kijiji kizima kwa mali kauli. Mizigo miwili ya kwanza ilikuwa chambo. Mkopeshe kwa kiwango kile kile ulichokwisha kulipwa, usizidishe.

Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, nayo ni wizi, hata kama tumeizoea. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100, na kile kilemba kinachoshonewa juu ni viazi unavyovitoa bure. Uza kwa mizani, na mnunuzi akilazimisha, taarifa ipelekwe kwa Wakala wa Vipimo.

Simu na meseji zinazokufuata nyumbani

"Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litatokea fulani." Meseji hii hutumwa kwa maelfu ya namba kwa kubahatisha. Tapeli hakujui. Anategemea kwamba kati ya watu elfu wapo wachache ambao leo hii walikuwa na mtu wa kumtumia pesa kweli: kodi ya chumba, kibarua, mchango wa msiba. Dawa yake: mpigie mtu unayemdai au anayekudai kwa namba uliyonayo siku zote, sikia sauti yake. Na kabla ya kuweka namba ya siri, simu hukuonyesha jina la mpokeaji. Lisome lote, taratibu. Kama si la mtu wako, ghairi.

Kwa wazazi wenye watoto bweni, simu mbaya kuliko zote ni ile ya "mwanao ameanguka, yuko hospitali, daktari anataka laki mbili sasa hivi". Mpigaji anaweza kulitaja jina la mtoto na shule yake, kwa sababu taarifa hizo hupatikana kwa urahisi kuliko tunavyodhani: majina ya waliochaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza na cha tano hutangazwa hadharani. Jiandae kabla. Siku ya kumpeleka mtoto, andika kwenye daftari namba za mkuu wa shule, mwalimu wa darasa, na matroni au patroni. Mmoja akikosekana, piga kwa mwingine. Simu ya namna hiyo ikija, sema "nakuja, nakupigia", kata, kisha piga namba za kwenye daftari. Atakayekusihi usikate simu ndiye tapeli. Daktari anayehangaika na mgonjwa hana muda wa kukung'ang'ania kwenye simu.

"Nimekosea kutuma, nirudishie tafadhali." Kwanza angalia salio, maana mara nyingi hakuna kilichoingia. Kama kweli imeingia, usirudishe kwa mkono wako. Mwambie apige 100, huduma kwa wateja wa mtandao wake, waurudishe muamala wao wenyewe, na wewe usiiguse pesa hiyo. Ukimtumia na yeye akawa ameshaomba irudishwe, utakuwa umelipa mara mbili. Na kama pesa yenyewe iliibwa kwa mtu mwingine, utaonekana uliyeipokea na kuisambaza.

Kisha wapo "maofisa wa mtandao". TCRA (mamlaka ya mawasiliano) na kampuni za simu wamesema mara nyingi kwamba huduma kwa wateja inakupigia kwa namba 100 tu. Anayepiga kwa namba ya kawaida akasema laini yako inafungwa, au umeshinda promosheni, au usajili wako haujakamilika, kata. Hatari yake kubwa ni kukuelekeza ubonyeze tarakimu. Akikwambia bonyeza *21* au **21* ikifuatiwa na namba fulani na #, anahamisha simu zako zote ziende kwake, na hapo anaweza kupokea hata ile simu ya uthibitisho ya WhatsApp. Kama umeshabonyeza, bonyeza ##002# kisha piga. Uhamishaji wote utafutika. *#21# itakuonyesha kama bado upo.

Kwenye WhatsApp yenyewe, ingia Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili, weka namba ya siri ya tarakimu sita. Inachukua dakika mbili. Ile namba ya uthibitisho ya tarakimu sita inayoingia kwa meseji usimpe mtu yeyote, hata kama anayeiomba ni shangazi kwenye kikundi cha familia. Huenda akaunti ya shangazi imeshaibwa tangu asubuhi.

Kidole chako na laini usiyoijua

Tangu 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole. Huku kwetu kuna shida ambayo watu wa mjini hawaijui: kidole cha mtu aliyeshika jembe miaka thelathini kimechakaa, mashine hukikataa mara tatu, mara nne. Matapeli wa usajili wanapenyea hapo hapo. Kijana mwenye mwavuli mnadani anakwambia "mama, hakijasoma, rudia", na ile mara ya pili ni laini nyingine kabisa inayosajiliwa kwa jina lako. Baadaye laini hiyo inatapelia watu, na polisi wanaanza na wewe.

Sajili kwenye duka la mtandao au kwa wakala mwenye ofisi unayoweza kurudi kesho. Kabla ya kuweka kidole, kioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kikaushe. Kikikataa, omba kujaribu kidole kingine kuliko kubonyeza kile kile mara tano. Kila ukibonyeza, skrini igeuzwe ukuelekee uone kilichoandikwa. Ukitoka hapo, piga *106# uhakiki laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukiona namba usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika uitake ifutwe, na uandike tarehe uliyoenda. Rudia *106# kila baada ya miezi michache, na uwafanyie hivyo wazee nyumbani wasiojua kuipiga.

Kwa wakala

Namba ya siri iandike mwenyewe. Tunajua bibi wengi humpa wakala simu na kumtajia namba kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Mfundishe bibi, au mjukuu mmoja anayeaminika aende naye. Ukitoa pesa na ukaambiwa "imegoma, rudia", angalia salio kwanza. Muamala uliokwama mara nyingi umepita, na wa pili utapita pia.

Wewe uliye wakala, simu ya kazi isitoke nje ya dirisha. Mteja anayeomba "nione namba nimeandika sawa" anahitaji sekunde chache tu kutuma salio lako kwingine. Noti za 10,000 na 5,000 ziinue kwenye mwanga uone kivuli cha kichwa cha Mwalimu Nyerere ndani ya karatasi, kisha pitisha kidole juu ya maandishi uhisi mkwaruzo. Anayekuja jioni na noti mpya nyingi, akiongea mfululizo ili upoteze hesabu, mwambie anyamaze kidogo, uhesabu upya tangu mwanzo.

Stendi, mnada na mpaka

Tiketi ikatwe dirishani au kwa mfumo wa kampuni yenyewe, iwe na jina lako, namba ya kiti na namba ya gari. Mpiga debe anayekubebea begi huku akisema "gari linaondoka hili" anakupeleka anakotaka yeye. Ukiwa safarini, usipokee juisi, biskuti au pipi kwa abiria usiyemjua, hata akila yeye kwanza. Ukiamka Makambako ukiwa mikono mitupu, hutakumbuka hata alishuka wapi.

Bulungutu la pesa likidondoka mbele yako Mwanjelwa au Kabwe, na mtu akakunong'oneza mkagawane uchochoroni, endelea na safari yako. Ndani ni karatasi, na wenzake wanakusubiri huko. Dhahabu ya Chunya inayouzwa kwenye kona kwa bei ya chini ni shaba, au ni mali ya magendo. Tangu 2019 kuna masoko ya madini ya serikali, na Chunya ni mojawapo. Mwenye dhahabu halali anajua pa kuipeleka.

Tunduma, badilisha fedha kwenye duka lenye leseni. Ukilazimika kwa wachenji wa barabarani, hesabu zao kwanza kabla ya kutoa zako, na usizirudishe mkononi mwao "waongezee moja". Zikitoka mkononi mwako, zihesabu upya. Zambia ilifuta sufuri tatu kwenye kwacha tarehe 1 Januari 2013, hivyo noti ya zamani ya kwacha 50,000 hainunui hata mkate.

Panda upate, na wapiga ramli

Anayekuahidi kwamba ukiweka laki utapata laki mbili baada ya mwezi, muulize swali moja: biashara inayozaa hiyo faida inaonekana wapi? Kama jibu ni "lete wenzako", faida ni pesa ya hao wenzako. DECI, mpango wa upatu, ilifungwa na serikali mwaka 2009 ikiwa na mtindo huo huo wa kupanda mbegu. Siku hizi umevaa sura ya programu ya simu, lakini hesabu ni ile ile. Programu za mikopo nazo, kabla ya kupakua, angalia kama zina leseni ya Benki Kuu. Zisizo nayo huomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako, na ukichelewa siku moja wanawatumia meseji za matusi mkwe wako, mchungaji wako na bosi wako.

Jambo moja la vijijini linatuuma. Lambalamba, yaani waganga wanaozunguka wakidai kufichua wachawi, wanapofika kijijini, kila kaya huchangishwa, kisha wanafukua pembe na hirizi kwenye nyumba za watu wachache, mara nyingi vikongwe na wajane. Ni utapeli kama wa meseji, tofauti yake ni kwamba huu unamwachia mtu kidonda au kaburi. Kitu kilichofukuliwa kimekuja nao mfukoni, au kimefukiwa usiku uliotangulia. Ramli chonganishi ni kosa kisheria. Mwenyekiti wa kitongoji akiitisha mchango wa namna hiyo, kataa, na mpigie mkaguzi wa polisi wa kata siku hiyo hiyo, kabla hawajaanza kufukua. Yule bibi aliyetajwa asilale peke yake usiku huo. Ndugu wamchukue.

Ukishaibiwa

Dakika za kwanza ndizo zenye faida, kwa sababu tapeli naye anakimbilia kwa wakala kutoa.

1. Piga 100 kwenye mtandao uliotumia. Taja namba ya kumbukumbu ya muamala, kiasi na saa, uombe pesa izuiwe. Isipotolewa bado, inaweza kushikiliwa. Kama ni benki, piga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yako.
2. Badilisha namba ya siri. Kama laini yako imekufa ghafla bila sababu, kimbia duka la mtandao. Huenda mtu amejifanya wewe, akairudisha namba yako kwenye laini nyingine.
3. Usifute meseji hata moja, na usimtukane tapeli akazima simu. Andika kwenye karatasi namba zake, majina yaliyotokea na saa.
4. Meseji ya kitapeli ipeleke 15040. Utaulizwa namba iliyokutumia, iandike.
5. Nenda kituo cha polisi ufungue taarifa, upewe RB, yaani karatasi yenye namba ya taarifa yako. Hailipiwi. Ukiombwa pesa, TAKUKURU (taasisi ya kuzuia rushwa) wanapatikana kwa 113. Wakati wa hatari ya mwili, piga 112.

Polisi ndio wanaoweza kuiandikia kampuni ya simu ipate taarifa za mwenye namba, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kijana wa dukani akikuahidi kukutafutia kwa siri, mkatalie. Siku chache baadaye huja simu nyingine: "sisi ni kitengo cha kurejesha pesa zilizoibwa, tuma elfu thelathini ya fomu". Huyo ni tapeli yule yule au mwenzake aliyeuziwa namba yako.

Ukimkamata mtu kwa mkono wako mnadani au mtaani, mshikeni, mpigieni mkaguzi wa kata, na vijana wa ulinzi shirikishi wasimame kumzunguka hadi gari lifike. Akishapigwa hawezi kueleza laini zilitoka wapi, nani anazisajili, na pesa zinatolewa kwa wakala gani. Akifa, watakaofikishwa mahakamani ni nyinyi mliomshika, huku waliomtuma wakiendelea kutuma meseji.

Ukiwa kituoni, hakikisha RB imeandikwa namba za simu za tapeli zote, si ile ya kwanza tu, pamoja na namba ya kumbukumbu ya kila muamala. Piga picha karatasi hiyo kabla ya kuikunja mfukoni, na andika nyuma yake jina la askari aliyeipokea na namba ya kumpata.